Nilimwazima, Sikuazima

Kila siku ya shule, kabla ya kipindi cha kwanza, Ikupa alipita ofisi ya walimu kuchukua kamusi. Ilikuwa kamusi moja tu ya Kiingereza na Kiswahili, nene kama tofali, na ilikuwa mali ya Kidato cha Kwanza A. Wanafunzi wenyewe ndio walioipata kwa jasho lao. Muhula wa kwanza walilima viazi kwenye shamba la shule, na mavuno yalipouzwa, mwalimu wao wa Kiingereza, Madam Damari, aliwanunulia kamusi hiyo na kumchagua Ikupa kuwa mtunzaji wake.

Ikupa aliitoa kabatini, akaifuta kwa kitambaa, akaipeleka darasani na kuiweka kwenye meza ya mbele. Saa tisa alasiri aliirudisha. Tangu apewe kazi hiyo, hakuna ukurasa uliochanika.

Kazi hiyo ilimpa faraja, maana mambo mengine ya sekondari yalikuwa yakimchosha. Katika shule ya msingi, kule kijijini kwao juu ya Mbalizi, Ikupa alikuwa hodari. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake ndio ulioonekana kwanza. Lakini huko masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Hapa sekondari kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa kipande cha mbao chenye kamba shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Ikupa alikuwa na majibu mengi kichwani, ila yote yalikuwa katika lugha asiyoruhusiwa kuitumia. Kwa hiyo alinyamaza. Walimu wapya walimdhania mzito wa kuelewa, na jambo hilo lilimkera kila siku.

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, Madam Damari alisafiri kwenda Iringa kwenye semina ya siku tatu. Alasiri hiyo, Ikupa alipokuwa akiirudisha kamusi, msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza B alimfuata mbio uwanjani. Aliitwa Gloria. Alikuwa amesoma shule ya msingi ya Kiingereza huko mjini, na alikuwa kwenye kikundi cha mdahalo.

Gloria aliangalia huku na huku, akanong'ona kwa Kiswahili. "Ikupa, niazime hiyo kamusi. Tuna mdahalo Ijumaa, na leo tunafanya mazoezi kanisani. Naileta keshokutwa asubuhi."

"Sijui kama Madam atakubali."

"Kamusi si ni ya kusoma? Mwandikie karatasi, basi. Mimi nitairudisha kama ilivyo."

Ikupa alifikiri kidogo. Aliona si vizuri kumnyima mwenzake kitabu, na akaona si vizuri vilevile kukitoa kimyakimya. Akampa Gloria kamusi, kisha akaingia ofisini, akachana karatasi kwenye daftari lake na kuanza kumwandikia Madam. Kwa kuwa kanuni ya shule ilisema mwalimu aandikiwe kwa Kiingereza, alitaka kuandika kwa Kiingereza sentensi hii: Nimemwazima Gloria kamusi.

Neno la kuazima alikuwa nalo. Wiki iliyopita tu Madam alikuwa amewafundisha kusema "May I borrow your pen?" na akawaeleza kwamba maana yake ni "Naomba kuazima kalamu yako." Kwa hiyo "borrow" ni kuazima. Hapo Ikupa hakuwa na wasiwasi. Kilichomsumbua ni jinsi ya kumtaja Gloria. Alitamani kufungua kamusi aone mfano, lakini kamusi yenyewe ilikuwa imeshaondoka. Mwisho akaona kwamba kamusi ipo na Gloria, na "na" aliijua kuwa ni "with." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri:

"Madam, I have borrowed the dictionary with Gloria of Form One B. It will come back on Friday."

Akaiweka karatasi mezani kwa Madam, akaikandamiza kwa chupa ya wino, akaenda nyumbani akiwa na amani.

Ijumaa Gloria hakuleta kamusi. Ikupa alimtafuta wakati wa mapumziko, akaambiwa wana mdahalo wameshaondoka na gari. Jumamosi na Jumapili zikapita. Jumatatu asubuhi alimwona mbali getini, akampungia mkono, lakini Gloria akageuza uso na kuingia darasani kwao.

Kabla kengele ya kwanza haijagongwa, kiranja wa darasa, Jofrey, alikuja kumwita. "Madam wants you. Now."

Madam Damari alikuwa amesimama kando ya kabati lililo wazi. Mkononi alishika ile karatasi.

"Ikupa, where is the dictionary you borrowed?"

Ikupa alielewa "where," akaelewa "dictionary." "I not have, Madam. Gloria."

"You wrote that you borrowed it. This is your handwriting?"

"Yes, Madam."

"Then where is it?"

"Gloria, Madam. She... she is..." Maneno yalimkwama. Yalikuwapo kwa Kiswahili, yamejipanga, kila moja mahali pake. Gloria alinifuata uwanjani, akaniomba, nikampa, akasema ataleta Ijumaa. "Madam, Gloria alini..."

"English, please," Madam alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyezoea kusema hivyo mara hamsini kwa siku.

Gloria akaitwa. Aliingia akiwa amefunga mikono nyuma, macho sakafuni.

"Gloria, did you borrow the dictionary with Ikupa?"

Gloria akainua uso. "No, Madam. I did not borrow it with Ikupa."

"Did you two take it from this cupboard?"

"No, Madam."

"You may go."

Ikupa alihisi masikio yanawaka moto. Alimwangalia Gloria akitoka, akamwangalia Madam. Madam alikunja karatasi na kuitia kwenye droo. Safari hii alizungumza Kiswahili, ili asieleweke vibaya. "Kamusi ile ni ya wanafunzi arobaini na sita, na mtihani wa kufunga mwaka ni wiki ijayo. Umeichukua bila ruhusa nikiwa safarini, halafu unamsingizia mwenzako. Kuanzia leo Jofrey ndiye mtunzaji. Na Jumatano uje na mzazi."

Darasani habari zilikuwa zimemtangulia. Hakuna aliyemwita mwizi mbele ya uso wake. Walifanya jambo lililomuuma zaidi: wakanyamaza alipoingia. Sabina, aliyeketi naye dawati moja tangu Januari, alisogeza kalamu zake upande wa pili na kuziweka mfukoni.

Wakati wa mapumziko Ikupa alimkuta Gloria bombani. "Kwa nini umesema uongo?"

"Sijasema uongo," Gloria alijibu, akiwa ameinamia maji. "Ameniuliza kama niliazima pamoja na wewe. Mimi na wewe hatukuazima pamoja. Ameniuliza kama tuliitoa kabatini. Sikugusa kabati."

"Lakini mimi nilikuazima!"

"Basi mwambie yeye hivyo."

"Iko wapi kamusi, Gloria?"

Gloria akakinga ndoo yake, akaenda. Ikupa alitaka kumfuata na kumvuta sweta, ila Jofrey alikuwa anakuja huku akibembeza kile kipande cha mbao, na alikuwa ameshasikia Kiswahili. Akamvisha shingoni bila kusema neno. Ikupa alikaa nacho mpaka saa tisa. Hakujaribu kumkamata mtu yeyote ili amwachie. Hakuwa na nguvu ya kumtega mwingine.

Jumatatu jioni hakusema lolote nyumbani. Baba yake, Mzee Andendekisye, alikuwa akivuna viazi, na lori la kuvichukua lilitazamiwa Jumatano. Jumanne jioni Ikupa alikuwa shambani naye, akichagua viazi vikubwa na vidogo, na mikono yake ilikuwa mizito kiasi kwamba baba yake akasimama na kumtazama.

"Una homa?"

"Hapana, Baba. Kesho unatakiwa shuleni."

"Kesho? Lori linakuja kesho. Kuna nini?"

"Wanasema nimechukua kamusi ya darasa."

Mzee Andendekisye aliweka jembe chini. Uso wake ulibadilika. "Umeichukua?"

"Sijachukua."

"Sasa kwa nini waseme umechukua? Mwalimu hawezi kuota tu. Nimekusomesha ili niitwe kwa habari ya wizi, tena siku ya lori?"

Hapo Ikupa alishindwa kujizuia. Alilia kwa hasira, akakaa juu ya gunia, na maneno yote aliyokuwa ameyabeba tangu Jumatatu yakamtoka. Alieleza jinsi Gloria alivyomfuata uwanjani, jinsi alivyoandika karatasi, alichouliza Madam, na alichojibu Gloria. Hakukosea siku wala neno.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa udongo kwenye vidole. "Mbona umenieleza vizuri hivi? Ulimweleza mwalimu namna hii?"

"Siruhusiwi, Baba. Ni Kiingereza tu."

"Na hicho Kiingereza unakijua?"

"Bado."

Mzee akaokota jembe lake. "Nitamwomba jirani yetu Mika apakie lori. Tutakwenda wote."

Jumatano asubuhi Mzee Andendekisye alivaa koti lake la kanisani, akaketi mbele ya meza ya Madam Damari, kofia magotini. Madam alimsalimia kwa heshima, akatoa ile karatasi kwenye droo.

"Mzee, sipendi kukusumbua wakati wa mavuno. Lakini binti yako ameandika mwenyewe. Hapa anasema ameazima kamusi yeye na mwenzake Gloria. Gloria anakana. Na kamusi haipo mpaka leo."

"Mimi siwezi kuisoma hiyo, Mwalimu," mzee alisema. "Nilikuwa na ombi moja. Mtoto aeleze hapa kwa Kiswahili, kama alivyonieleza mimi jana. Akimaliza, wewe ndiye utakayeamua."

Madam aliangalia bango la ukutani lililoandikwa kanuni ya lugha. Akasita. "Haya. Ikupa, sema."

Ikupa alisimama. "Madam, Jumatano ile nilimwazima Gloria kamusi. Alisema ana mdahalo, ataileta Ijumaa. Nikaandika karatasi ili ujue iko wapi."

Madam aliinua mkono. "Subiri. Uliazima, au ulimwazima?"

"Nilimwazima, Madam. Yeye ndiye aliyeondoka nayo."

"Mbona umeandika 'borrowed'?"

Ikupa alimtazama bila kuelewa. "Si ndiyo kuazima, Madam?"

Madam Damari aliichukua karatasi, akaisoma upya polepole, midomo ikicheza.

"Sisi, Mwalimu," Mzee Andendekisye alisema kwa upole, "ukisema umeazima jembe, jembe limekuja kwako. Ukisema umemwazima mtu jembe, jembe limekwenda kwake. Neno ni lilelile. Huko kwenye Kiingereza sivyo?"

"Sivyo, Mzee," Madam alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wao wana maneno mawili. Anayepokea, kazi yake ni 'borrow.' Anayetoa, kazi yake ni 'lend.' Mimi nimewafundisha moja tu." Akamgeukia Ikupa. "Ulitaka kuandika 'I have lent the dictionary to Gloria.' Umeandika kwamba ni wewe uliyechukua."

Ikupa aliuma mdomo. Siku tatu za aibu, na chanzo chake kilikuwa neno moja dogo. Hakujua kama acheke au alie, na kwa kweli alikuwa bado ana hasira mno kwa lolote kati ya hayo.

Madam alimtuma Jofrey amlete Gloria. Alipoingia na kumwona mzee aliyevaa koti, alisimama karibu na mlango.

"Gloria," Madam alisema, "did Ikupa lend you the dictionary?"

Gloria alilijua neno hilo vizuri sana, ikaonekana kwenye uso wake. Alitazama dirishani. Alitazama viatu vyake.

"Nijibu kwa lugha yoyote unayotaka."

"Ndiyo, Madam," Gloria alisema kwa sauti ndogo. "Aliniazima."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Tulipomaliza mazoezi kanisani niliisahau nje, kwenye ukingo wa dirisha. Usiku mvua ikanyesha. Nilipoifuata asubuhi ilikuwa imelowa yote. Nimekuwa nikiianika jikoni, lakini kurasa zimevimba na gamba limebanduka. Nilitaka ikauke kwanza ndipo niirudishe."

"Na juzi nilipokuuliza?"

"Uliniuliza kama niliazima pamoja na Ikupa. Nikajibu hapana. Haikuwa uongo, Madam."

Mzee Andendekisye alikuwa akigeuza kofia yake taratibu.

"Ulijua nilichokuwa ninatafuta," Madam alisema. "Uliona nimekosea swali, ukaona pana nafasi ya kujificha, ukaingia. Maneno yako yalikuwa ya kweli, na ukayatumia kunidanganya. Umemwacha mwenzako avae kosa lako kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo kuliko chako. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko kurasa zilizolowa."

Gloria alianza kulia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee alipoinuka kuondoka, Madam alimsindikiza mpaka mlangoni na kumpa mkono. "Ndaga, Mwalimu," mzee alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa kama alivyozoea. Kisha akamwambia Ikupa, "Nawahi lori. Wewe nenda darasani, na ukae mahali pako pa siku zote."

Kesho yake Gloria alileta kamusi imefungwa kwa kanga. Ilikuwa imenenepa karibu mara mbili, na kurasa zake zilikuwa na mawimbi kama bati. Madam Damari aliwaita wanafunzi wa A na B katika chumba kimoja. Alimsimamisha Gloria, naye akaeleza kilichotokea tangu mwanzo, kwa Kiswahili, bila kuruka jambo. Alipomaliza akamgeukia Ikupa. "Naomba unisamehe."

Watu wote walimtazama Ikupa. Alijua wanatarajia aseme nini, lakini halikuwa moyoni mwake.

"Nimekusikia," alisema. "Bado nina hasira. Ikiisha nitakuambia."

Wengine waliguna. Madam hakumkemea. "Amejibu kweli," alisema. "Tumwache." Akatamka kwamba utunzaji wa kamusi unarudi kwa Ikupa, na kwamba Gloria atakaa naye kila mchana kutenganisha kurasa zilizoshikana, mpaka ukurasa wa mwisho. Sabina, bila kuambiwa, alirudisha kalamu zake juu ya dawati.

Kisha Madam aliandika ubaoni maneno mawili, "lend" na "borrow," akachora mshale unaotoka na mwingine unaoingia. Akaweka chaki chini na kupangusa mikono.

"Leo wa kwanza kujifunza ni mimi," alisema. "Nilisoma karatasi, nikadhani nimemsoma mtu. Ikupa alikuwa na la kusema, na mimi nikamfunga mdomo kwa kanuni ya lugha. Kanuni ile ni ya kuwazoesha kusema, haikuwekwa ili mtu anayeonewa akose kujitetea. Kuanzia leo, mwenye shida aje aniambie kwa lugha anayoiweza. Kiingereza tutakitafuta baadaye. Ikupa, wewe ulikuwa mwaminifu, lakini uliliamini neno ulilolijua nusu. Neno usilokuwa na hakika nalo, uliza kabla hujaliandika, hata kama utamuuliza mwenzako. Na ninyi nyote, mkimsikia mtu anakwama maneno, msifikiri hana ukweli. Huenda ukweli anao, ila hajapata njia ya kuutoa."

Mchana ule, wenzao walipokwenda kula makande, Ikupa na Gloria walikaa pande mbili za meza moja, kamusi katikati, kila mmoja na rula yake ya mbao. Ikupa aliingiza rula taratibu kati ya kurasa mbili zilizogandana na kuziachanisha. Hakumsemesha Gloria, na Gloria hakulazimisha mazungumzo. Walikuwa wamefika herufi D kengele ilipogongwa.